Kompyuta Ikifungwa kwa Mbali, Usianze na Fundi: Uliza Kwanza Ufunguo Uko kwa Nani

Leo naweka pembeni viwavijeshi na bei ya mbolea. Nataka tuzungumze juu ya kompyuta, kwa sababu siku hizi hesabu za shamba hazikai kwenye daftari peke yake. AMCOS nyingi zina orodha ya wanachama na kilo walizopima ndani ya kompyuta. Vikundi vya kuweka na kukopa vina hisa na madeni humo. Mwenye duka ana majina ya wateja waliochukua mbolea kwa ahadi ya kulipa baada ya mavuno. Kompyuta hiyo ikijifunga siku moja kabla ya malipo, jasho la watu wengi linakuwa limefungiwa ndani.

Nazungumzia kufungwa kwa aina moja. Umewasha kompyuta asubuhi. Haijaanguka, haijaingia maji, umeme upo. Lakini kioo kinakuletea ujumbe kwamba mashine imefungwa, na kinadai namba au neno la siri ambalo hujawahi kulisikia. Jana ilikuwa inafanya kazi vizuri. Leo kuna mtu mbali huko, pengine nchi nyingine, ametoa amri na mashine imetii.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Kufuli hilo lina haki ya kuwepo. Tatizo letu ni kwamba tunanunua na kupokea kompyuta bila kuuliza ufunguo wake anao nani, halafu tunaweka humo hesabu za watu bila nakala. Ikishafungwa tunakimbilia kwa fundi wa kuvunja, na hapo hasara ya kwanza inazaa ya pili.

Kufuli la mbali linafanyaje kazi

Kama umewahi kufungiwa sola ya kulipa kidogo kidogo, kufuli hili unalijua tayari. Paneli iko juu ya bati lako, taa ziko ndani ya nyumba yako, lakini siku zikiisha hujalipa, taa hazikuwakii. Hakuna aliyepanda juu ya bati kukata waya. Simu za mkopo nazo ni hivyo hivyo. Na wauzaji wa simu wanajua kwamba simu ya Android ikifutwa kienyeji, ikiwaka tena inadai akaunti ya Google ya mwenye nayo wa mwanzo. Ulinzi huo uliingia kwenye Android mwaka 2015. Apple walikuwa wameuanza kwenye iPhone mwaka 2013, na mwaka 2019 wakaufikisha kwenye kompyuta zao za Mac.

Kwa kompyuta, mwenye mashine anaiandikisha kwenye akaunti yake au ya ofisi yake. Ikipotea au ikiibwa, anaingia kwenye akaunti hiyo kwa kutumia simu au kompyuta nyingine na kutoa amri ya kufunga. Amri inasubiri kwenye intaneti. Siku mashine ikipata mtandao, hata kwa bando la simu yako, inaipokea amri na kujifunga. Ndiyo maana kikundi kinaweza kutumia kompyuta miezi mingi bila shida kwa kuandika tu hesabu, halafu siku ya kuunganisha bando ili kutuma ripoti wilayani, kazi inaishia hapo.

Na usidhani mambo haya ni ya ofisini tu. Mwaka 2022, wakati wa vita ya Ukraine, mashine 27 za kilimo za John Deere, zikiwemo za kuvuna, ziliporwa na wanajeshi wa Urusi kutoka kwa muuzaji katika mji wa Melitopol. Kwa taarifa zilizotangazwa Mei mwaka huo, thamani yake ilikaribia dola milioni 5. Nyingine zilisafirishwa zaidi ya kilomita 1,000 hadi Chechnya. Walipotaka kuziwasha, zikakuta zimefungwa kwa mbali. Chuma chote kilikuwa mikononi mwao, lakini ufunguo ulikuwa umebaki kwingine.

Wapo waliofurahia habari ile, na mimi ni mmojawao. Lakini mkulima mwenye akili anaisoma mara mbili. Mashine inayoweza kumgomea mwizi ndiyo hiyo hiyo inayoweza kukugomea wewe, kama aliyeshika ufunguo ni mtu mwingine. Kwa hiyo swali la kwanza la mnunuzi lisiwe "RAM ngapi?" Liwe "ufunguo uko kwa nani?"

Tambua kwanza ni kufuli gani

Watu wengi wakiona kioo kimegoma wanasema "imeingia virusi". Tulia, usome ujumbe wote. Kama Kiingereza kinakupiga chenga, mwite mwalimu wa shule akusomee. Mara nyingi utakuwa mojawapo ya haya manne.

*La kwanza ni kufuli la mmiliki wa awali.* Kompyuta ya Mac inadai namba ya siri au akaunti ya Apple ya mtu usiyemjua. Huyo ndiye aliyeiandikisha. Aliiuza bila kuitoa kwenye akaunti yake, au hakuiuza kabisa, iliibwa.

*La pili ni kufuli la kampuni au mradi.* Kioo kinaonyesha jina la kampuni, shule au shirika, na pengine namba ya simu au baruapepe ya kuwasiliana nao. Kompyuta nyingi zilizotumika zinazouzwa mijini zilikuwa za maofisi ya nje. Baadhi zina mlinzi aliyekaa ndani ya mashine yenyewe na siyo kwenye Windows. Kampuni iitwayo Absolute ina programu ya namna hiyo, na watengenezaji kama Dell, HP na Lenovo wameiweka tayari kwenye mashine zao nyingi. Mlinzi huyo akishaamshwa na ofisi iliyonunua mashine, unaweza kupiga Windows upya, unaweza kubadilisha diski, naye anarudi.

*La tatu ni kufuli la diski.* Hili kwenye Windows linaitwa BitLocker. Linadai ufunguo wa tarakimu 48. Halihitaji mtu wa mbali kutoa amri. Linaweza kujitokeza lenyewe baada ya mashine kupokea masasisho, au baada ya fundi kubadilisha kifaa cha ndani. Kazi yake ni kuvuruga maandishi yote kwenye diski ili asiye na ufunguo asisome kitu. Habari njema ni kwamba mara nyingi ufunguo huo umehifadhiwa kwenye akaunti ya Microsoft iliyotumika kuandikisha kompyuta. Ingia kwenye akaunti hiyo kwa simu, utaukuta. Habari mbaya ni kwamba ukipotea, Microsoft wenyewe hawawezi kukutengenezea mwingine.

*La nne ni kufuli la uongo.* Ulikuwa unaperuzi, ghafla kioo chote kikajaa maandishi mekundu, sauti inapiga kelele kwamba kompyuta imefungwa kwa usalama wako, piga namba hii sasa hivi. Hilo ni ukurasa wa matapeli tu. Bonyeza kitufe cha kuwashia na ukishikilie mpaka mashine izime. Iwashe tena, na usikubali kurudisha kurasa ulizokuwa umefungua. Kama inaingia kwenye dawati lako kama kawaida, hukuwa umefungwa. Microsoft wamesema wazi kwamba ujumbe wao wa hitilafu hauna namba ya simu. Ukipiga namba ile, utaambiwa utume fedha au uweke programu ya kumruhusu tapeli aingie ndani. Hapo ndipo utafungwa kweli.

Siku hiyo hiyo fanya haya

1. Piga picha ujumbe ulio kwenye kioo kwa simu yako, maneno yote na namba zote.

2. Geuza kompyuta, piga picha namba ya utambulisho iliyoandikwa chini yake.

3. Usijaribu namba za kubahatisha. Baadhi ya makufuli yanaongeza muda wa kusubiri kila unapokosea.

4. Usikubali mtu yeyote "afute kila kitu kwanza". Kama diski haikuwekewa kufuli la tarakimu 48, mara nyingi mafaili yako bado yamo, na kwa kompyuta nyingi fundi anaweza kuitoa diski na kuyasoma kwenye mashine nyingine mbele yako. Zikifutwa, hesabu zimekwenda.

5. Mtafute aliyekuuzia au aliyekupa, siku hiyo hiyo, ukiwa na risiti na picha. Yeye ndiye wa kwanza kuwajibika. Kama mashine ilikuwa ya mradi, piga simu kwa mradi. Kama kuna jina la kampuni kwenye kioo, waandikie kwa adabu, eleza ulinunua wapi, lini na kwa nani, na uwaulize kama mashine iliuzwa kihalali. Ofisi inayouza kompyuta zake za zamani huweza kusahau kuzitoa kwenye mfumo, na ofisi hiyo ndiyo yenye uwezo wa kufungua. Apple nao wana utaratibu wa kupokea maombi ya kufunguliwa kutoka kwa mtu mwenye ushahidi wa ununuzi wa awali.

6. Kama jibu linaonyesha mashine iliibwa, nenda kituo cha polisi ukatoe taarifa mwenyewe, na vielelezo vyako mkononi. Kukaa na mali ukiwa unajua ni ya wizi ni kosa chini ya Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16. Aliyekwenda mwenyewe na risiti ana cha kujieleza kuliko aliyefuatwa nyumbani.

Kwa nini napinga kuvunja

Najua jibu la haraka. Kuna kijana pale stendi anafungua kila kitu, anataka laki moja tu. Mimi nasema usimpe.

Kwanza, kama kufuli liko kwenye mashine yenyewe, anachofanya ni kulifunika. Pili, kijana huyo anabaki na orodha ya wanachama wako, namba zao za simu, kiasi walicholipwa na lini watalipwa tena. Hizo ni taarifa ambazo tapeli wa simu angezilipia. Tatu, hujui kama mashine ni ya wizi, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inahesabu kuingia kwenye mfumo wa kompyuta bila idhini kuwa kosa. Ukimlipa mtu avunje, umejiingiza kwenye kesi ambayo ulikuwa mlalamikaji.

Kuna kikundi cha wakulima wa alizeti ninachokihudumia, wanachama 42. Walinunua kompyuta iliyotumika mjini kwa shilingi 480,000. Ilifanya kazi miezi minne. Siku moja katibu aliunganisha intaneti, kesho yake ikawaka na jina la kampuni ya nje. Wakampelekea fundi, akachukua 120,000, akafuta diski na kupiga Windows upya. Siku ya pili baada ya kupata mtandao, jina lile likarudi. Sasa walikuwa wamepoteza kompyuta, fedha ya fundi, na hesabu za msimu mzima ambazo kabla ya kwenda kwa fundi zilikuwa bado zimo.

Waliponiita, tulikaa siku mbili chini ya mwembe tukijenga hesabu upya kwa stakabadhi za wanachama. Waliokuwa nazo walilipwa. Mama mmoja mjane alisema alileta magunia sita, stakabadhi yake ilishaoza kwa mvua, na hakuna aliyekumbuka sawasawa. Kikundi kilimlipa matatu. Hadi leo haji kwenye mikutano. Sina uwezo wa kusema kama yalikuwa sita au matatu, na hakuna kompyuta itakayosema tena. Hiyo ndiyo gharama ninayoizungumzia, na haimo kwenye ile 480,000.

Wengine hufungiwa na wahalifu wanaotaka fedha. Mei 2014 watumiaji wengi wa iPhone, iPad na Mac huko Australia waliamka na kukuta vifaa vyao vimefungwa, na ujumbe uliotumia jina la Oleg Pliss ukidai hadi dola 100 ili vifunguliwe. Wahalifu walikuwa wameingia kwenye akaunti za watu na kutumia kufuli lile lile la halali. Waliokuwa wameweka namba zao za siri kwenye vifaa mapema waliweza kuvifungua wenyewe. Kwa hiyo hata kama mashine ni yako kwa risiti, akaunti yenye neno la siri dhaifu ni ufunguo uliotundikwa mlangoni.

Kabla hujatoa fedha

Juni 2016 TCRA ilipozima simu bandia, watu walijifunza kubonyeza *#06# na kuhakiki kabla ya kununua. Kwa kompyuta bado tunauziwa mbuzi kwenye gunia. Nenda dukani na bando lako, na mambo haya yafanywe mbele yako:

1. Muuzaji aifute mashine kabisa na kuianzisha kama mpya, wewe ukiangalia. Kompyuta iliyokwisha kuandaliwa yenye jina "User" inaweza kuficha mengi.

2. Iunganishwe na intaneti wakati wa kuianzisha. Muuzaji akisema "usiunganishe, itamaliza bando", mshukuru na uondoke. Mashine ya kampuni ikipata mtandao wakati huo mara nyingi itaonyesha jina la kampuni na kudai baruapepe ya kazini. Mac iliyofungwa itadai akaunti ya mwenyewe.

3. Iandikishe kwa akaunti yako palepale, izime, iwashe tena.

4. Dai risiti ya EFD yenye namba ya utambulisho ya mashine, na nyuma yake muuzaji aandike na kusaini: "Kompyuta hii haina kufuli la mmiliki wa awali. Ikifungwa naye ndani ya miezi sita, nitarudisha fedha yote."

Muuzaji mwaminifu hatakasirika. Hata bila maneno hayo, Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inamhesabu muuzaji kuwa ana haki ya kuuza anachokuuzia. Lakini sheria bila karatasi mkononi ni maneno ya kijiweni. Na ninyi wafanyabiashara mnaouza vifaa vilivyotumika, nawaambia kwa nia njema: anayeanza kuandika maneno hayo kwenye risiti zake ndiye atakayepata wateja wa AMCOS.

Kwa kompyuta za msaada hali ni nyeti zaidi, kwa sababu mtu anaona aibu kuhoji zawadi. Mradi unakuja, unaleta kompyuta na vishikwambi, picha zinapigwa. Miaka mitatu baadaye mradi umefungwa, ofisi imehama, na mashine bado zimeandikishwa kwenye mfumo wao. Dai hati ya makabidhiano, na ndani yake pawe na sentensi inayosema kwamba vifaa vimetolewa kwenye usimamizi wa mradi. Idai wakati maafisa wao bado wanakuja kijijini. Wakishaondoka, namba zao hazipatikani.

Sanduku la kufuli tatu

Sasa nije kwenye jambo ambalo naona ni kubwa kuliko yote. Kikundi kinaweza kununua kompyuta mpya dukani na bado ikafungwa na mtu wa ndani.

Inatokea hivi. Kompyuta inakuja, wazee wanasema "mpe kijana aliyemaliza kidato cha nne, yeye anajua". Kijana anaiandikisha kwa baruapepe yake, namba za uthibitisho zinakuja kwenye laini yake. Mwaka unaofuata kijana anapata kazi Dodoma au anagombana na mwenyekiti. Hata akiwa mtu mwema, akibadilisha laini tu, kikundi kiko nje. Akiwa na kinyongo, anaweza kuifunga akiwa amekaa kwenye basi.

Vikundi vya kuweka na kukopa vililitatua tatizo hili zamani. Sanduku la fedha lina kufuli tatu, funguo tatu zinakaa kwa watu watatu, na sanduku linakaa kwa mtu wa nne. Hakuna anayesema utaratibu huo ni wa kumtukana mweka hazina. Sasa nauliza, kwa nini kikundi hicho hicho kinampa mtu mmoja ufunguo wa kompyuta yenye hesabu za sanduku lile lile?

Fanyeni hivi kwenye mkutano ujao, na iandikwe kwenye muhtasari:

1. Fungueni baruapepe ya kikundi, na kompyuta iandikishwe kwa hiyo.

2. Namba za simu za kurejesha akaunti ziwe mbili, ya mwenyekiti na ya mhasibu.

3. Ufunguo wa tarakimu 48 uandikwe kwenye karatasi, uwekwe kwenye bahasha iliyosainiwa, ukae ndani ya sanduku la kufuli tatu. Usiuhifadhi ndani ya kompyuta yenyewe. Hiyo ni sawa na kufungia ufunguo wa sanduku ndani ya sanduku.

4. Kiongozi akibadilika, neno la siri libadilishwe siku ya makabidhiano, mbele ya wajumbe.

5. Kila mwisho wa wiki ya mauzo, hesabu zinakiliwe kwenye flashi mbili. Moja inakaa kwa mhasibu, nyingine kwa mwenyekiti, na hakuna inayobaki imechomekwa kwenye kompyuta.

6. Ukurasa wa jumla uchapishwe au uandikwe kwa mkono, usainiwe, ubandikwe ubaoni ili wanachama wauone.

7. Kila mwanachama apewe stakabadhi, na aipige picha kwa simu yake au ya mwanawe.

Hata watu wa teknolojia wanaumbuka kwa kukosa namba tano. Agosti 2012 mwandishi wa jarida la Wired la Marekani, Mat Honan, aliona kompyuta yake ya Mac ikidai namba ya siri ya tarakimu nne ambayo hakuiweka yeye. Wadukuzi walikuwa wamewadanganya wahudumu wa simu wa Amazon na Apple mpaka wakaingia kwenye akaunti yake, kisha wakafuta simu yake, iPad yake na kompyuta yake kwa mbali. Hakuwa na nakala. Picha za mwaka wa kwanza wa mtoto wake zilikuwa humo. Wataalamu waliweza kuokoa vingi kwa gharama, lakini yeye mwenyewe aliandika kwamba nakala ingemwepusha na hofu ya kupoteza picha hizo. Wahenga wetu walishatuambia kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Siku hizi ongeza kwamba hata daftari linataka pacha wake.

Kwa wanaopinga

Nimewasikia wanaosema kufuli hizi ni za kumwonea maskini. Tajiri ananunua mpya, sisi tunanunua iliyotumika, ikifungwa tunaumia sisi. Maumivu hayo ni ya kweli, nimeyaona pale chini ya mwembe. Lakini fikiri upande wa pili. Simu yako yenye fedha za mauzo ikiibwa mnadani, unataka mwizi aiuze kwa bei gani? Kufuli likiondolewa, kila simu na kila kompyuta kijijini inakuwa kuku aliyelala nje. Ninachotaka ni kila mwenye mali awe na ufunguo wa mali yake. Kwa hiyo ukishanunua kihalali na kuiandikisha kwa jina lako, washa kufuli hilo na wewe. Likulinde.

Wengine wanasema mambo haya ni mengi kwa mkulima. Mkulima anayepima unyevu wa korosho kabla ya kupeleka ghalani, anayesoma tarehe ya kuisha kwa dawa kwenye chupa, hashindwi kuiwasha kompyuta dukani kwa nusu saa. Kazi hii inataka uvumilivu kidogo na bando la shilingi chache.

Msimu wa mauzo unakaribia. Kabla mzani haujafunguliwa, muulize katibu wako maswali mawili tu: kompyuta yetu imeandikishwa kwa baruapepe ya nani, na ikifungwa kesho tutawalipa watu kwa kutumia nini? Kama anayo majibu, mpongezeni mbele ya mkutano. Kama hana, mnazo wiki chache za kuyatengeneza, na ni rahisi kuyatengeneza sasa kuliko mbele ya foleni ya watu wanaosubiri fedha zao.

Kazi njema, na mavuno mema.